Mgeni Aliyewatangulia Wajerumani

Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini hapa Arusha vijiweni jina lake halikosi. Anzisha tu ubishi wa nani aliyegeuza historia ya sehemu hizi uone. Wa kwanza atamtaja yeye na mkutano wake wa Berlin wa 1884 na 1885. Wa pili atakuja na Carl Peters na mikataba yake ya kuwazuga watawala wa bara. Wa tatu, na huyu hakosekani, atasema Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepiga kona pale. Hadithi tamu hiyo, watalii wanaipenda mno, ila haina ukweli. Mpaka ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, na mwaka huo mjukuu mwenyewe alikuwa bado hajawa Kaisari wa Ujerumani.

Mgombea wangu mimi ni mwingine, na kila nikimtaja naambiwa nimeanza mizaha. Hana cheo, hana sanamu, hana barabara yenye jina lake. Ni ugonjwa wa ng'ombe. Ni sotoka.

Nakula kwa kuwazungusha watalii mbugani, kwa hiyo orodha za watu wakubwa na majanga makubwa ya dunia nimezisikia sana. Kwenye gari, safari ya saa nane, watu huongea. Watataja Napoleon, watataja tauni ya Ulaya, watataja meli ya Titanic. Sotoka hakuna anayeitaja, na wakati huo huo gari linakatiza katikati ya nchi ambayo sotoka ndiyo iliyoifinyanga.

Mwaka 1887 Waitaliano walikuwa wamejikita Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, wakiinyemelea Ethiopia. Jeshi lazima lile na mizigo lazima ivutwe, kwa hiyo wakaagiza ng'ombe kwa meli. Wanahistoria wengi wanasema ng'ombe hao walitoka India. Waliposhuka bandarini walishuka na kirusi ambacho Asia na Ulaya zilikuwa zimepambana nacho kwa karne nyingi, lakini ng'ombe wa nyanda zetu hawakuwa na kinga nacho hata kidogo.

Karibu wote mnaosoma hapa hamjawahi kuuona ugonjwa huu, na mshukuru Mungu. Ng'ombe anashikwa na homa, anaacha kula, macho na pua vinachuruzika. Fizi na ulimi vinatoka vidonda hadi mate yananing'inia. Kisha anaharisha, anaharisha damu, na kati ya siku 6 na 12 tangu aanze kuumwa mwenye ng'ombe anabaki na ngozi tu. Katika makundi ambayo hayajawahi kuupata, ng'ombe 8 hata 9 katika kila 10 hufa. Kirusi chenyewe ni ndugu wa karibu wa kile cha surua.

Ulaya ilishalia kabla yetu. Inakadiriwa kuwa katika karne ya 18 peke yake bara lile lilipoteza ng'ombe milioni 200 kwa sotoka. Roma, Giovanni Maria Lancisi, daktari wa Papa Clement XI, alisimamia amri za kuua na kufukia ng'ombe wagonjwa na kufunga njia za mifugo, na aliyekaidi alikumbana na adhabu ya kutisha. Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipata idhini ya kuanzisha Lyon, Ufaransa, shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo, na kilichosukuma jambo hilo zaidi ni huu huu ugonjwa. Yaani taaluma nzima ya mabwana mifugo ni mtoto wa sotoka.

Turudi Massawa. Ugonjwa ulipanda nyanda za juu za Ethiopia na kufyeka karibu ng'ombe wote. Pale watu hulima kwa maksai. Ng'ombe akifa, jembe la kukokotwa linalala. Ukame na nzige vikaongezea. Waethiopia wanaikumbuka miaka ya 1888 hadi 1892 kama siku mbaya, na yapo makadirio kwamba theluthi moja ya watu wa nchi ile walikufa. Inasimuliwa kuwa Mfalme Menelik II alishika jembe la mkono mwenyewe hadharani ili wakuu wake waone kwamba kulima bila maksai si aibu. Katikati ya balaa hilo, Mei 1889, ndipo Italia ilipopata sahihi ya Menelik kwenye mkataba wa Wuchale ambao baadaye ilidai umeiweka Ethiopia chini ya ulinzi wake. Menelik akaukana, na tarehe 1 Machi 1896 akawapiga Waitaliano Adwa. Taifa lililoporomoshwa na ng'ombe wa Waitaliano lilisimama na kuwatoa Waitaliano mbio ndani ya miaka minne tangu njaa iishe. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana wapo wanaodhani nikisema ugonjwa ulibadilisha historia ninasema watu walikuwa mawe tu.

Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilikuwa imeshaingia Umasaini, na iliwakuta Wamasai wamechoka tayari. Miaka michache nyuma homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshapunguza makundi. Mbatian, laiboni mkuu, yaani kiongozi wao wa kiroho, alifariki karibu na 1890, na wanawe Lenana na Sendeyo wakagombea nafasi yake hadi vita. Halafu 1892 ikaja ndui, hii sasa inaua watu. Wamasai wana jina moja la kipindi hicho chote, Emutai, yaani maangamizi, na ukilitaja mbele ya wazee wa Monduli hadi leo mazungumzo hupungua kasi.

Mtu aliyeandika alichokiona ni Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa safarini kutafuta chanzo cha Nile kwa niaba ya Wajerumani. Machi 1892 aliteremka kwenye kreta ya Ngorongoro. Naifahamu ile njia ya kuteremkia, wateja wangu hapo hutoa simu na kuanza kupiga picha. Baumann yeye aliandika kuhusu watu waliozunguka kambi yake: wanawake waliobaki mifupa, watoto waliokonda hadi hawafanani na watoto, morani wasioweza tena kusimama. Walikula ngozi za ng'ombe na walichoweza kuokota. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikuwa wameangamia. Ni makadirio ya mpita njia, si sensa, na Baumann hakuwa mtu wa kuwapenda sana Waafrika aliowaandika. Lakini hata ukikata nusu bado unabaki na msiba ambao sehemu hizi hazijapata kuona mwingine wa ukubwa huo.

Waliobaki walikwenda wapi? Hapa ndipo Arusha inapoingia, na hapa ndipo ninapowang'ang'aniza wenzangu kijiweni. Chini ya Mlima Meru walikuwepo Waarusha, watu wa lugha ile ile ya Kimaa lakini wakulima, wenye ndizi, mahindi na maharage. Upande wa pili Wameru, na ng'ambo ya tambarare Wachagga. Wamasai waliofilisika waliwamiminikia. Wengine waliomba hifadhi kwa ndugu, wengine waliwaacha wake na watoto kwa wakulima ili wapate chakula, wakitegemea kuwakomboa ng'ombe wakirudi. Wapo waliokombolewa. Wengi walibaki, wakaolewa, wakalima. Rafiki yangu mmoja wa Sakina, ukimwita Mmasai anakurekebisha kwamba yeye ni Mwarusha, na ukimwita Mwarusha tu anakukumbusha kwamba mama mkubwa wa ukoo wao aliletwa kutoka tambarare za Kisongo mwaka wa njaa. Vitongoji vya huku mlimani vimejaa koo za namna hiyo. Nani alizipanga koo zetu namna hii? Bismarck?

Wajerumani walipopanda kutoka Moshi na kuja kujikita Arusha, ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu sotoka ipite. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Kapteni Kurt Johannes akaleta vikosi vya kuadhibu: migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900, Moshi, walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Mwaka huo huo Boma la Arusha, hili ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikuwa limesimama, kwa nguvu za watu walioshindwa.

Sidai kwamba sotoka ndiyo iliyoshinda vita vile. Waarusha na Wameru walipigana, na mzinga ni mzinga. Ninachosema ni kwamba miaka 20 nyuma misafara ya pwani ilikuwa ikizunguka mbali ili isikutane na Wamasai, na wazungu walikuwa wakiandikiana barua kwa hofu juu ya morani. Wajerumani walipofika, nguvu hiyo haikuwepo tena. Walikuta tambarare tupu wakaandika kwenye ramani kwamba ni ardhi isiyo na mwenyewe, kisha wakawagawia walowezi. Waingereza kaskazini ya mpaka wakafanya vivyo hivyo: mikataba ya 1904 na 1911 iliwang'oa Wamasai kutoka Laikipia na Bonde la Ufa, na aliyetia saini ule wa kwanza kwa niaba ya Wamasai ni Lenana yule yule wa ugomvi wa ndugu.

Kusini ugonjwa ulisita kidogo kwenye Mto Zambezi, ukavuka Machi 1896. Ng'ombe zaidi ya milioni 2.5 wakafa kusini mwa mto huo. Waingereza waliokuwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, walianza kupiga risasi hata ng'ombe wazima ili kuzuia maambukizi, na Wandebele, walioshaporwa mifugo na ardhi, wakaona hiyo ni dharau ya mwisho. Vita vikalipuka mwezi huo huo. Mikokoteni ya maksai ikasimama njiani mizigo ikiwa juu, na reli ya kwenda Bulawayo ikaharakishwa hadi ikafika 1897. Robert Koch, bingwa wa vijidudu duniani wakati huo, aliitwa Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta kinga, akajaribu nyongo ya ng'ombe waliokufa. Ilisaidia kiasi. Namibia, Waherero walipoteza ng'ombe, wakaingia madeni, wakauza ardhi, na mwaka 1904 wakaingia vitani na Wajerumani, vita iliyoishia kwenye mauaji ya halaiki. Kila tukio hapo lina kitabu chake na mashujaa wake. Mimi natazama tu kile kinachopita katikati yao wote kwa kwato nne.

Sasa nirudi kwenye gari langu. Mgeni akiingia Serengeti anataka kuambiwa kwamba haya ni maumbile ambayo hayajaguswa tangu Adamu. Zamani nilikuwa nikimwacha afurahi. Siku hizi namweleza, kama naona ana masikio. Sotoka haikuua ng'ombe tu: iliwaua nyati, nyumbu, pofu, twiga na ngiri. Kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe wa kula nyasi wala watu wa kuzichoma kwa utaratibu, vichaka viliota, na vichakani wakaja mbung'o, na pamoja na mbung'o malale kwa watu na ndorobo kwa ng'ombe. Sehemu ambazo mababu walichunga zikawa hazikaliki. Wakoloni wa baadaye walizikuta hivyo wakaamini ndivyo zilivyoumbwa, wakachora hifadhi. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na 1959 Wamasai wakatakiwa kutoka na kuhamia upande wa Ngorongoro. Mjadala wa nani anastahili kuishi wapi haujaisha, na safu hii si mahali pake, lakini anayeuanza kwa kusema palikuwa patupu tangu asili aulizwe kwanza anaanza kuhesabu mwaka gani.

Na nyumbu? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serengeti nzima haikuwa na nyumbu laki tatu. Ndama walikuwa wakifa kila mwaka, mara tu maziwa ya mama yakiisha nguvu mwilini na kinga ikitoka. Kisha ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi wakachanjwa kwa wingi, na sotoka ikatoweka kwa nyumbu, ambao hakuna mtu aliyewachoma sindano hata mmoja. Kumbe wao ndio waliokuwa wakiambukizwa na ng'ombe, siyo ng'ombe na wao, kama wengi walivyoamini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni 1.3. Walikula nyasi hadi moto ukapungua, moto ulipopungua miche ya miti ikapona, na miti ikarudi. Ule msafara wa kuvuka Mto Mara ambao watu wanalipa maelfu ya dola kuutazama ni matokeo ya chanjo ya ng'ombe.

Chanjo hiyo ilitengenezwa jirani, Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Walter Plowright, Mwingereza, alifika pale katikati ya miaka ya 1950, na akiwa na mwenzake R. D. Ferris walikikuza kirusi kwenye seli za figo za ndama, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 90 na ushee, mpaka kikasahau kuua lakini mwili wa ng'ombe ukaendelea kukitambua. Ng'ombe aliyechanjwa alikuwa salama maisha yake yote, na chanjo yenyewe ilikuwa rahisi kutengeneza. Kituo cha Muguga baadaye kilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Arusha kuanzia 1967 hadi ilipovunjika 1977. Tunapoikumbuka jumuiya ile tunakumbuka reli na ndege. Sijawahi kusikia mtu akiikumbuka kwa sotoka.

Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Anastahili. Lakini chanjo ilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo nimeelezwa vizuri zaidi na mzee mmoja wa Ngaramtoni, bwana mifugo mstaafu, ambaye mimi nikimwamkia shikamoo yeye hujibu kwa kunigusa kichwani kwanza, kama Waarusha wafanyavyo.

"Mwanangu, adui yetu hakuwa sotoka, alikuwa jua," alisema. "Dawa inatoka mjini ikiwa kwenye barafu. Gari linakwama korongoni. Ukifika kwenye kibanio ng'ombe wapo mia sita, wenyewe wamesubiri tangu alfajiri, na barafu imekuwa maji. Ukichoma, unachoma maji. Usipochoma, hawaji tena."

Kwa hiyo kampeni kubwa ya kwanza ya bara zima, iliyoanza 1962, ilikaribia kumaliza kazi na kisha nchi zikalegea. Miaka ya 1980 mwanzoni ugonjwa ukarudi kwa kishindo, na mwaka 1982 nyati wa kaskazini mwa Tanzania wakaugua tena. Kilichovunja mduara ni mambo mawili. Jeffrey Mariner, Mmarekani, alibuni namna ya kukausha chanjo ile ile ya Plowright hadi ikaweza kukaa wiki kadhaa bila barafu. Na wafugaji wenyewe, huko Karamoja ya Uganda, Afar ya Ethiopia na Sudan Kusini, wakafundishwa kuchoma sindano, wakaibeba dawa mgongoni kwenda ambako gari la serikali halijawahi kufika. Mfugaji anamjua ng'ombe mgonjwa kabla daktari hajavaa miwani.

Mwaka 1997 sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho Tanzania, huku kaskazini, ikitokea Kenya. Mzee alikuwepo. Anasema safari hiyo ilikuwa nyepesi, ng'ombe hawakufa ovyo, na hilo ndilo lililowatia hofu zaidi, maana ugonjwa usioua haraka hutembea mbali. Walichanja mpaka mikono ikafa ganzi. Mgonjwa wa mwisho kujulikana duniani aligunduliwa Kenya 2001, nyati, Hifadhi ya Meru. Baada ya hapo ilikuwa ni kutafuta tu, miaka 10 ya kupima damu na kutopata kitu. Juni 2011, Roma, Shirika la Chakula na Kilimo likatangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia ya binadamu kufutwa kabisa, baada ya ndui. Plowright alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Nilimwuliza mzee walisherehekea vipi. Akasema alisikia redioni, akamwambia mkewe, mkewe akauliza kama sasa atapunguza kuota usiku. Hakuna aliyempigia simu. Niliposisitiza kwamba yeye na wenzake wanastahili kuwemo kwenye orodha za watu waliobadilisha dunia, akaniangalia kama mtu aliyepoteza muda wake, akabadilisha mada.

Mada aliyoitaka ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ni kirusi kingine cha familia ile ile, kiligunduliwa wilaya ya Ngorongoro mwaka 2008, na mashirika ya kimataifa yamelenga kukifuta duniani ifikapo 2030. Chanjo ipo, nayo ni nzuri. Nikamwambia basi si kazi, ya ng'ombe tuliiweza.

"Ng'ombe ukimchanja unakuwa naye miaka kumi," akasema. "Mbuzi mwakani yupo kwenye supu, na mahali pake wapo watoto wawili ambao hawajaona sindano."